Walii habandiki tangazo

Kila asubuhi nikitoka Ngamiani kwenda kazini, hapa Tanga, napita nguzo za umeme zilizovishwa karatasi. Rangi hubadilika, maneno ni yale yale. Sharifu fulani, kitukuu cha mawalii, ameshuka mjini na karama aliyoirithi kwa babu zake: anarudisha mume aliyetoroka, anasafisha nyota, anafungua kizazi, anatoa pete ya mvuto, anamkamata mwizi kabla jua halijatua. Chini yake kuna namba mbili za simu, moja ya kuzungumza na nyingine ya kutumiwa pesa. Mvua ikizichana leo, kesho zimebandikwa mpya. Nimezikuta stendi ya Korogwe, nimezikuta Buguruni jijini Dar es Salaam, nimezikuta kwenye kuta za njia ya kwenda feri ya Likoni. Siku hizi zimeingia hata kwenye simu zetu: mzee mwenye kilemba cha kijani, moshi wa ubani, mtu anaanguka na kuinuka, kisha sauti inakuamuru usambaze kwa watu kumi, la sivyo balaa litakufika.

Mimi ni Muislamu na naamini karama za mawalii. Nimelelewa nazo. Bibi yangu hakuweza kusimulia jambo la zamani bila kumtaja walii mmoja au wawili, na sijapata sababu ya kuiacha imani hiyo. Ndiyo maana karatasi hizi zinanichoma kuliko zinavyomchoma mtu asiyeamini kitu. Nisemalo ni hili: karama ni kweli, lakini haitangazwi, haipangiwi bei, wala hairithiwi kama shamba la minazi. Anayeinadi kwa pesa anawaibia wawili kwa mkono mmoja: mnyonge aliye hai, na walii aliyelala kaburini.

Jambo moja, majina mengi

Wanazuoni walilipanga suala hili zamani. Jambo linalovunja mazoea ya maumbile likitokea kwa mkono wa Mtume aliyetumwa, ni muujiza. Limekuja kuthibitisha ujumbe wake. Likimtokea mja mwema asiyedai utume, ni karama, takrima ya Mola kwa mja wake. Likimpata Muislamu wa kawaida katika dhiki, tuseme amenusurika jahazi lilipozama, huitwa mauna, yaani msaada. Lakini likitokea kwa mkono wa fasiki lina jina la kutisha: istidraji. Mtu huyo anavutwa ngazi kwa ngazi kuelekea maangamizi, naye anadhani anapandishwa cheo. Pembeni ya yote kuna sihiri, ambayo watu hujifunza kama ufundi mwingine wowote, ila huu umeharamishwa.

Sasa tazama ugumu wake. Kwa macho, mambo haya yote huweza kufanana. Mtu akila moto mbele ya umati, macho yako hayatakwambia kama ni walii, mchawi au mcheza mazingaombwe wa sokoni. Kinachopambanua ni mwenendo wake jana, leo na kesho. Abu Yazid wa Bistam, sufi mkubwa wa karne ya 9, amepokewa akionya kwamba hata ukimwona mtu ameketi hewani usihadaike naye, mpaka umtazame anavyosimama kwenye amri na makatazo ya Mwenyezi Mungu. Onyo hilo limetoka kwa kinara wa masufi wenyewe. Hatuwezi kulisukuma pembeni tukisema ni maneno ya wasiopenda mawalii.

Imam Tahawi wa Misri, aliyefariki mwaka 933, alizitaja karama za mawalii katika muhtasari wake mfupi wa itikadi. Watu wa kundi la Muutazila walizikataa, wakihofia watu watashindwa kumtofautisha walii na Mtume. Wenzao wakawajibu kwamba walii hadai utume. Siku akiudai, uwalii wake umekwisha. Hata Ibn Taymiyya, ambaye wakosoaji wa ziara za makaburini humtaja kila wanapofungua kinywa, alizithibitisha karama katika waraka wa itikadi unaonasibishwa na mji wa Wasit. Kwa hiyo yale makelele ya misikitini kwetu, karama zipo au hazipo, yanahusu jambo ambalo wakubwa wa pande zote mbili walikwisha kuafikiana. Tungezitumia nguvu hizo kuuliza swali jingine: walii ni nani?

Sura ya Yunus inawaeleza mawalii kwa sifa mbili: wameamini, na walikuwa wakimcha Mungu. Nasaba haikutajwa. Kilemba hakikutajwa. Mtu yeyote anaweza kuwa nazo sifa hizo, pengine yule anayefagia ua wa msikiti alfajiri na hakuna anayemjua jina.

Fedha ya watu wa pangoni

Ukizisoma karama zilizomo katika Kurani na hadithi sahihi, moja baada ya nyingine, utaona kitu ambacho wahubiri wetu hukipita haraka. Waliokirimiwa hawakuifanyia biashara karama yao, na aghalabu hawakutaka hata ijulikane.

Vijana wa pangoni walilala miaka 300 wakazidisha 9. Walipoamka walifanya nini? Walisikia njaa. Wakatoa fedha waliyokuwa nayo, wakamtuma mmoja wao mjini akatafute chakula kilicho safi, wakamwusia aende kwa upole na asimtambulishe mtu habari zao. Watu ambao wangeweza kukaa mlangoni mwa pango na kupokea nadhiri za nchi nzima walikwenda kununua chakula kwa fedha yao, kama mimi na wewe.

Bibi Maryam alikuwa akikutwa na riziki ndani ya mihrabu. Nabii Zakaria alipomuuliza imetoka wapi, alijibu kwamba imetoka kwa Mungu, naye humruzuku amtakaye. Lakini kinachonigusa zaidi ni alichofanya Zakaria baada ya jibu hilo. Alikuwa mzee, mkewe tasa, na hamu ya mtoto ilikuwa imemkaa moyoni miaka mingi. Mbele yake yupo binti ambaye Mungu anamlisha bila sababu inayoonekana. Je, alimwambia Maryam ampe mtoto? Alimtaka amsomee maji anywe na mkewe? Pale pale, Zakaria alimwelekea Mola wake akamwomba kizazi chema. Karama aliyoiona kwa mwingine ilimwonyesha mlango wa kubisha, naye akaubisha mwenyewe. Wanawake wangapi wa mitaa yetu, wanaotafuta mtoto kwa machozi, wamewahi kuhadithiwa kipande hiki kwa utulivu, bila kukemewa?

Yupo pia Juraij, mcha Mungu wa Wana wa Israili, ambaye kisa chake kimepokewa na Bukhari na Muslim. Mama yake alimwita akiwa katika swala, asimwitikie. Mama akamwombea mabaya. Baadaye mwanamke mmoja akamsingizia kwamba mtoto wake ni wa Juraij. Watu wakambomolea hujra yake, wakampiga. Akaswali, akamsogelea mtoto mchanga, akamuuliza baba yake ni nani, na mtoto akanena: ni mchungaji fulani. Umati ule ule uliompiga ukageuka kumbusu na kumpapasa. Wakamwambia watamjengea hujra mpya ya dhahabu. Akakataa. Aliwataka wamrudishie ya udongo, kama ilivyokuwa.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye udongo ule. Huyu ana shahidi wa karama machoni pa watu wote, ana umati unaombusu, na dhahabu imeshatajwa na wenyewe. Anachotaka ni nyumba yake ya jana. Je, tungekuwa na Juraij kwenye mtaa wetu leo, tungemtambua? Au tungepita kwenda kwa yule mwenye gari la fahari na walinzi mlangoni?

Wala karama si bima. Khubaib bin Adii, sahaba wa Mtume, alifungwa Makka kwa minyororo akisubiri kuuawa. Binti wa nyumba alimofungwa alimwona ameshika zabibu anakula, wakati Makka nzima haikuwa na zabibu. Karama hiyo haikumfungua minyororo. Walimtoa nje ya mipaka ya Haram, akaomba kwanza aswali rakaa mbili, kisha wakamwua. Anayekuhakikishia kwamba utapona kwa siku tatu anakuahidi kitu ambacho Khubaib hakupewa.

Na wale watatu walioingia pangoni kujikinga, jiwe likaanguka likaziba mlango, walifunguliwa kwa nini? Kila mmoja alimwomba Mungu kwa amali yake aliyoifanya kwa ikhlasi. Wa kwanza alisimama usiku kucha na maziwa mkononi akingoja wazazi wake wazee waamke, na watoto wake wanalia kwa njaa miguuni pake. Wa pili alimwacha binti ami yake na heshima yake, wakati shida ilikuwa imeshamleta binti huyo mikononi mwake. Wa tatu alikuwa na kibarua aliyeondoka bila kuchukua ujira. Akauzungusha ujira ule mpaka ukawa zizi la mifugo, na kibarua aliporudi akamkabidhi wote. Hakuna ubani katika kisa hiki. Kuna wazazi, kuna binti mwenye shida, kuna mshahara wa mtu.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Masahaba walimsomea Alhamdu mkubwa wa kabila aliyeumwa na nge, wakapewa kondoo, na Mtume hakuwakataza. Ni kweli, hadithi ni sahihi. Lakini isome yote. Walikuwa wasafiri walionyimwa chakula na watu wale. Malipo yalikubaliwa kwa sharti la kupona, na mgonjwa alipopona, hawakuwagusa kondoo mpaka walipomuuliza Mtume. Wala hakuna aliyejiita walii. Kati ya hawa wa kwenye nguzo, nani anayelipwa baada ya mgonjwa kupona?

Sharifu wa Lamu, mtumwa wa Bagamoyo

Pwani yetu ina mawalii wake, na wala hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Habib Saleh wa ukoo wa Jamalilil alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana. Nasaba alikuwa nayo, tena ile inayofika Hadhramaut na kuendelea hadi kwa Mtume mwenyewe. Angeweza kukaa barazani na waungwana wa mji, akapokea mkono wake ukibusiwa, ikawa maisha. Alikwenda pembezoni mwa mji, upande wa Langoni, akawasomesha watumwa, walioachwa huru na masikini waliokuwa hawahesabiwi. Elimu ambayo ilikuwa mali ya nyumba chache za mawe aliitandika kwenye mikeka ya makuti. Waungwana walikasirika. Walikasirika zaidi Maulidi ya Habshi kutoka Seiyun yaliposomwa kwa tari ndani ya msikiti, na watu wa tabaka la chini wakaimba kwa sauti zao kamili.

Visa vya karama za Habib Saleh vinasimuliwa Lamu mpaka leo, nami sina nia ya kuvikanusha. Lakini nenda Lamu mwezi wa Mfungo Sita, kwenye Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Utakuta wanafunzi kutoka pwani yote na visiwa vya Bahari ya Hindi, zefe linapita vichochoroni, na watu wanazuru kaburi la mtu aliyefariki mwaka 1935. Wengi wa waliokuja wamefundishwa na aliyefundishwa na aliyefundishwa na yeye. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu mmoja mgeni asiye na jeshi wala hazina aliupindua mpangilio wa mji mzima wa Kiswahili kwa kukubali kukaa chini na watoto wa watumwa. Mimi nikiulizwa karama yake ni ipi, hiyo ndiyo ninayoitaja kwanza.

Sasa vuka uje Bagamoyo. Sheikh Ramiya hakuwa na nasaba ya kutangaza. Alitoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akaletwa pwani utumwani akiwa mtoto, kwenye mji ule ule ambao misafara ilikuwa ikitua mizigo na watu. Akasoma. Akaendelea kusoma. Akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 waungwana na wazao wa watumwa walikuwa wamekwisha kusimama duara moja la zikri mbele yake. Anayedai kwamba karama ni ya damu ya ukoo wake aeleze damu gani ilimfikisha Ramiya pale.

Na Barawa, kule ambako Chimwiini, ndugu wa lugha yetu, bado kinasemwa, yuko Dada Masiti. Alifikishwa Unguja akiwa msichana, akaonja taabu ya kuwa mbali na kwao, akarudi, akajitia katika ibada na elimu, akatunga tenzi kwa lugha ya nyumbani ili wanawake wasiojua Kiarabu nao wapate dini yao. Alifariki mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa mkongwe sana. Kaburi lake lilikuwa na ziara ya kila mwaka. Mwanamke, mshairi, walii. Tunamsahau mara nyingi mno tunapohesabu.

Watu hawa watatu hawafanani kwa kabila, jinsia wala hali. Wanafanana kwamba waliowazunguka walitoka kwao na kitu: herufi, aya, heshima, mahali pa kukaa. Ukitoka kwa mtu huna hata nauli ya kurudia nyumbani, ulikwenda kwa nani?

Anayelipa ni nyumba

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu anayeuza vitumbua, mumewe aliondoka kwenda kutafuta maisha na simu ikakatika. Alikwenda kwanza kwa watu wa msikiti, akaambiwa arudi baada ya Ramadhani. Siku ya tatu akapiga namba ya kwenye nguzo. Akatakiwa shilingi 10,000 ya kufungua kitabu. Kitabu kilipofunguka pakahitajika kuku mweusi asiye na doa, kisha mafuta, kisha kafara. Vipuli vyake vya harusi vikaenda kwa sonara. Zamu yake ya upatu, aliyokuwa ameiombea kwa kijumbe itangulie ili alipe ada, ikaishia huko. Mwishowe akachukua mkopo wa kausha damu, ule unaodaiwa kila siku asubuhi kabla hujawasha jiko.

Na baada ya yote aliambiwa nini? Kwamba aliyemfunga mumewe ni wifi yake. Leo nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana futari hazisalimiani. Watoto wa shangazi na wa mjomba wamekatazwa kucheza pamoja. Mume hakurudi. Deni la pesa, kwa taabu, litakwisha siku moja, lakini ule udugu nani atauzingua? Serikali ya Tanzania ina jina zuri la uovu huu, ramli chonganishi, na imeupiga marufuku. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa neno la mpiga ramli. Tusidhani pwani sisi tumepona kwa sababu tu kwetu ramli hupigwa kwa kisomo.

Simlaumu jirani yangu. Mfa maji haachi kutapatapa. Yule mwenye kitabu alimsikiliza saa nzima, akamwita mwanangu, akamwuliza analala vipi usiku. Sisi wengine, masheikh, madaktari, majirani, nani kati yetu alimpa hata robo saa? Tunapowacheka wanawake hawa kwa ujinga tunajifichia aibu yetu wenyewe.

Lakini kuna mahali huruma lazima igeuke ukali, nayo ni kwa watoto. Mtoto anapanda homa, anakaza viungo, macho yanageuka. Wazee wetu waliliita degedege, wakaamini ndege wa shetani amepita juu yake. Pwani hii ya mbu, mara nyingi ni malaria iliyoshika vibaya, na saa chache ndizo zinazoamua. Nimeona mtoto anafukizwa na kufungwa hirizi mpaka usiku wa manane wakati gari lilikuwapo mtaani. Vivyo hivyo kifafa: kijana anaambiwa ana jini, anapigwa fimbo jini litoke, na vidonge vya kumtuliza vipo hospitali. Na yapo ya mabinti wanaoingizwa chumbani peke yao, mama akiambiwa asubiri nje kwa sababu "mashekhe wa kijini" hawapendi watu wengi. Mama anayesoma hapa: usikubali kubaki nje. Hakuna walii wa Mungu anayehitaji mlango ufungwe baina yako na mwanao.

Nyundo hazikutusaidia

Wapo wanaodhani dawa ni kuyabomoa makaburi yote na kuufuta uwalii vinywani mwa watu. Tumeona ilikofikia. Mwaka 2012 wanamgambo waliingia Timbuktu, mji ambao wenyewe huuita wa mawalii 333, wakavunja makuba kwa sululu huku watu wa mji wakilia pembeni. Mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miaka 9 na mahakama ya The Hague mwaka 2016, na makuba yakajengwa upya na waashi wa pale pale. Somalia nako makaburi ya masheikh wa tarika yamevunjwa na watu wenye bunduki. Je, kuna hata mjane mmoja aliyepona utapeli kwa sababu kaburi la zamani limegeuzwa kifusi?

Ukosoaji wa kweli tunao hapa hapa kwetu, na ulifanywa kwa kalamu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akawakemea Waswahili kwa yale wanayofanya makaburini na kwa mengine mengi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikuwa mkali wa bidaa, na ni yeye aliyetuandikia kwa Kiswahili wasifu wa wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, wakiwemo watu wa tarika, kwa adabu. Unaweza kumpinga mtu na ukayahifadhi maisha yake yasipotee. Mimi nikienda ziara hutoa salamu, humwombea aliyelala, na haja zangu humwomba asiyelala. Mwenye rai nyingine tujadiliane barazani, kahawa ipo.

Ninachowataka maimamu wetu ni kikubwa kuliko mjadala huo. Itajeni habari ya nguzo za umeme kwenye hotuba ya Ijumaa, kwa maneno yasiyozunguka. Wekeni mtu ofisini wa kusikiliza wanawake, na asiwaambie warudi baada ya Ramadhani. Na nyinyi wenye redio mnaopokea pesa za matangazo haya na kuyarusha baina ya kaswida mbili, mnajua mnachokifanya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninyi ndio mnaokipa kibaya miguu.

Usiku wa baiskeli

Chuoni kwetu tulikuwa na maalimu mmoja, mtu mfupi, mwenye kanzu mbili. Ndiye aliyetuhadithia habari ya Sheikh Abdulkadir Jilani alipokuwa kijana, anakwenda Baghdad na dinari 40 alizoshonewa na mama yake ndani ya nguo. Wanyang'anyi wakamwuliza ana nini, naye, kwa kuwa alimwahidi mama hatasema uongo, akawaambia. Mkubwa wao akalia, akatubu. Maalimu alipofika hapo alikuwa akinyamaza, anatutazama mmoja mmoja, kisha anaendelea na somo.

Mtaani walikuwa wakinong'ona kwamba ana karama. Kwamba mwaka wa mafuriko maji yaliishia kizingitini kwake. Mimi sikuyaona maji hayo. Niliyoyaona ni haya: nilikuwa na miaka kama tisa, usiku wa masika, mdogo wangu amekaza mwili, ametoka povu, na nyumba imejaa wanawake na moshi. Mama alinituma nikamwite maalimu aje amsomee. Alikuja peku. Aliweka mkono kifuani pa mtoto, akasoma kidogo, nadhani hata dakika haikufika. Kisha akamwambia mama achukue kanga ya pili, akatoka. Aliporudi alikuwa anasukuma baiskeli. Mama akakaa nyuma na mtoto kifuani, na maalimu, mzee vile, akakanyaga kwenye tope mpaka hospitali, anasoma njia nzima. Mama anasema sauti haikukatika hata kwenye mlima.

Mdogo wangu ana watoto wanne sasa. Asubuhi ile majirani walikusanyika nje kwa maalimu kumpa mkono, mmoja kaja na jogoo. Hakuwepo. Baiskeli haikuwa yake, aliiazima kwa muuza samaki, na muuza samaki alihitaji kuwahi pwani. Alikuwa amekwenda kuirudisha.